Uzi: Kansa ya utumbo iliyofika kwenye ini, tiba ya kinga, na majibu ya skani ya wiki hii

Mwalimu wa Langoni:

Assalam aleikum na habari zenu nyote, wa Lamu, wa Malindi, na mlio mbali mnaosoma kimya kimya.

Majibu ya skani yametoka wiki hii. Mimi ni mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana, hatua ya nne, iliyokwisha kuingia kwenye ini. Doa kubwa la ini lililokuwa sentimita 4.8 sasa ni 1.4. Mawili madogo hayaonekani tena. Kipimo cha damu cha CEA, ambacho kwa mtu asiyevuta sigara na asiye na ugonjwa huu kwa kawaida huwa chini ya 5, kwangu kiliwahi kupita 90; sasa kimesoma 3. Daktari hakusema nimepona, na mimi sisemi nimepona. Alisema dawa ya tiba ya kinga ninayodungwa inafanya kazi, tuendelee nayo. Nililia pale pale mbele yake, bwana wangu naye akalia, muuguzi akatuletea maji.

Nimeandika kwa sababu moja. Dawa hii nimeifikia kupitia kipimo kilichofanywa kwenye kile kipande cha nyama nilichokatwa tumboni, na kipimo hicho kilikuja baada ya miezi mingi ya kemo. Muda wote huo kipande kilikuwa kabatini maabara, kimetulia. Nataka kila mwenye mgonjwa hapa ajue kukiulizia kipimo hicho, na akiulizie mapema.

Mwaka 2023 nilianza kuchoka uchovu nisioujua. Nyumba za Amu, mji wetu wa Lamu, mnazijua ngazi zake zilivyosimama; nikawa nashika ukuta na kupumzika katikati. Hospitali moja ikanipima, damu ikaonekana imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Nikarudi, nikapewa vilevile. Hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi. Jambo hili linanichoma hadi leo, kwa sababu kansa ya upande wa kulia wa utumbo ndivyo inavyojificha: inavuja kidogo kidogo, chooni huoni kitu, unabaki kupauka tu mpaka siku utumbo uzibe. Wangu uliziba usiku, kusi imechachamaa, na hakuna aliyethubutu kunivusha gizani. Asubuhi nikavushwa Mokowe nikiwa nimelala sakafuni mwa boti, ambulensi ikanipeleka Mombasa, nikapasuliwa siku hiyo hiyo. Wakatoa kipande cha utumbo na uvimbe wake. Ini wakaliona tayari lina madoa.

Kemo yangu ilikuwa na dawa iitwayo oksaliplatini. Waliopitia wanajua habari ya baridi: ukigusa kitu kilichopoa, vidole vinachomwa sindano. Nilikuwa nafungua friji kwa glavu za sufu katika joto la kaskazi, na maji ya kunywa yanapashwa kwanza. Harufu ya samaki ikanishinda, na ukiishi Langoni utaikimbilia wapi? Mwanzo ini lilitulia. Kisha skani ikaonyesha madoa yameongezeka ukubwa.

Hapo ndipo tukaenda Nairobi kutafuta maoni ya daktari wa pili. Akasoma faili lote, akarudi ukurasa wa ripoti ya biopsi, yaani ya kile kipande cha nyama, akauliza: "MMR imepimwa?" Haikupimwa.

Nieleze kadiri nilivyoelezwa. Seli zinapojigawa hunakili maandishi ya urithi, na katika kunakili makosa hutokea. Mwili una protini nne za kusahihisha aina fulani ya makosa hayo, zinaitwa MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2; kazi hiyo ya kusahihisha ndiyo MMR. Uvimbe uliopoteza mojawapo hujaa makosa mengi sana, na wingi huo ndio unaoufanya uonekane mgeni machoni pa kinga ya mwili. Mbona basi kinga haiushambulii? Kwa sababu chembe za kinga zina kizuizi kiitwacho PD-1, kazi yake kuzituliza zisiushambulie mwili wenyewe, na uvimbe umejifunza kukitumia, mithili ya mwizi anayebisha hodi kwa sauti ya mwenye nyumba. Dawa ninayodungwa, pembrolizumabu, iuzwayo kwa jina la Keytruda, hukikalia kizuizi hicho uvimbe usikifikie. Yenyewe haiui seli ya kansa. Inaziachia chembe zako zifanye kazi yake. Waliogundua PD-1 ni Tasuku Honjo wa Japani na wenzake mwaka 1992, na mwaka 2018 yeye na James Allison wa Marekani, aliyeshughulika na kizuizi kingine, walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kansa ya utumbo iliyosambaa, wenye alama hii, yaani uvimbe uliopoteza protini hizo, ni wachache, kama 5 tu katika 100. Ndiyo maana wengine hawapimi. Lakini ukiwa mmoja wa hao 5, wale 95 wengine hawakuhusu.

Kipande chenyewe nilikishika mkononi. Nyama ndogo ya rangi ya kijivu iliyozamishwa kwenye nta nyeupe, chini yake kijisanduku bapa cha plastiki kisichofika ukubwa wa kibiriti, nambari imeandikwa ubavuni kwa penseli. Maabara ya Mombasa walinipa kwa barua ya daktari na sahihi yangu, wakanisisitiza nisikiache ndani ya gari juani, nta italainika. Nilipanda nacho treni ya Nairobi kikiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Majibu yakaja: MSH2 na MSH6 hazipo.

Sasa nadungwa. Dripu ya nusu saa, basi. Mwanzoni miligramu 200 kila wiki tatu, baadaye daktari akanihamishia 400 kila wiki sita. Kwa mtu wa Nairobi huenda hilo ni jambo dogo. Kwa anayetoka kisiwani, akapita vizuizi vya Hindi na Witu, akaingia Garsen, akalala Malindi kwa jamaa kule Shela ndipo aendelee Mombasa, ni afueni kubwa mno.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua.

Bint Faza:

Mashallah, mashallah, mwalimu wetu. Mwanangu ulimfundisha alifu-be-te hapo chekechea. Nilikuona gatini mwezi uliopita nikasema huyu si yule tuliyemwombea dua. Allah akuzidishie.

Baharia wa Malindi:

Dada, hongera sana, na pole kwa uliyopitia. Mke wangu ana kansa ya shingo ya kizazi. Alichomwa mionzi, ikatulia, sasa imerudi na iko kwenye mapafu. Tumeambiwa kemo. Hicho kipimo chako cha MMR ndicho cha kuomba na sisi? Halafu samahani kuuliza ya mfukoni, gharama mnaziwezaje?

Mwalimu wa Langoni:

Kaka yangu, pole, na umpe pole shemeji.

Kwa shingo ya kizazi iliyorudi au kusambaa, kipimo kinachoulizwa kwanza ni kingine, kinaitwa PD-L1, yaani kile ambacho uvimbe hukitumia kukishika kizuizi cha PD-1. Nacho hufanywa kwenye kipande kile kile cha biopsi. Tangu 2021 Marekani imeidhinisha dawa hii ipewe pamoja na kemo kwa wagonjwa wa hali kama ya mkeo ikiwa PD-L1 imeonekana kwenye uvimbe. Kwa hiyo msiiache kemo mkingoja dawa hii. Mwulize daktari maneno haya hasa: "PD-L1 yake imepimwa? Kipande cha biopsi kiko maabara gani?" Andika kwenye karatasi ukaende nayo, maana mbele ya daktari maneno hupotea.

Ya mfukoni usiombe samahani, ndiyo inayotunyima usingizi sote. Dozi moja ni pesa ambayo mimi na bwana wangu tukiziunganisha nguvu zetu kwa miezi hatuifikii. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha kansa kiliwekwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na juu yake 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Kwetu zilisaidia, na zilikwisha mapema. Zilizobaki ni kiwanja cha bwana wangu kule Mokowe, michango ya jamaa walioko Mombasa na Arabuni, na wazee wa msikiti waliosimama baada ya sala ya Ijumaa bila mimi kujua. Naumia kusema hivi hadharani kwa sababu najua kuna mama wa Kiunga au wa Ndau mwenye alama ile ile kwenye uvimbe wake asiye na kiwanja cha kuuza. Dawa hii inapaswa kulipiwa na serikali kwa wale ambao kipimo kimesema itawafaa. Kabla hujauza chochote, pima kwanza. Kipimo ni bei ndogo sana ukilinganisha na dawa, na kikisema hapana, umenusuru nyumba yako.

Mzee wa Mkunguni:

Binti yangu, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Marehemu babako tulisafiri naye jahazini. Lakini niseme la utu uzima: majani yapo, mizizi ipo, na habasoda Mtume amesifu. Usiyaache ya wazee ukategemea sindano za wazungu peke yake.

Mwalimu wa Langoni:

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kumtaja baba.

Habasoda jikoni kwangu haikosekani na mkate wa mofa nautilia. Ninachokwepa ni zile chupa zinazoletwa mlangoni na mtu anayesema zinaua kansa, bei yake elfu kadhaa, hakuna ajuaye zimechanganywa nini. Ini langu ni gonjwa, na dawa ninayodungwa yenyewe inaweza kulitia ini moto. Nikinywa chupa isiyojulikana, vipimo vikaharibika, daktari hatajua alaumu nini, na huenda akanisimamishia dawa inayoniponyesha. Kila ninachokunywa, hata kama ni majani ya mwarobaini, namwambia. Hilo ndilo ninalowaomba wazee mtusaidie kulisema barazani, maana nyinyi mkisema watu husikia.

Muuguzi Kilifi:

Mimi nahudumia wagonjwa wa kansa, niruhusu niongeze. Watu wanasikia tiba ya kinga haina kunyonyoka nywele wakadhani haina madhara. Kinga iliyoachiliwa inaweza kushambulia kiungo chochote: utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi ya shingoni, hata tezi iliyo chini ya ubongo. Huanza wiki chache baada ya dozi ya kwanza au miezi baadaye, na kuna wanaopata hata baada ya dawa kusimamishwa. Mgonjwa akianza kuharisha mara nyingi kuliko kawaida yake, asiende duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo akanyamaza. Akipata kikohozi kipya na pumzi kumkatika, asingoje kliniki. Tukiwahi, steroidi hutuliza. Tukichelewa, inaweza kuua.

Mwalimu wa Langoni:

Ahsante sana muuguzi, hili ningelisahau lingekuwa deni.

Mimi ilinipiga tezi ya shingoni. Kwanza moyo ulikuwa ukinienda mbio na nikawa natokwa jasho kaskazi na kusi, baadaye ikageuka, nikawa mzito, baridi, sauti nene, nalala mchana kutwa. Watu wakasema kansa imerudi. Damu ikaonyesha tezi imekufa. Sasa nameza levothairoksini, kidonge kinachofanya kazi ya tezi hiyo, kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni, na nitaimeza maisha yangu yote. Nimekubali bila kinyongo.

Jambo lililonisaidia ni karatasi. Nimeandika kwa Kiswahili na Kiingereza: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, nambari ya daktari wangu, na maneno kwamba nikija na kuharisha, kikohozi au manjano, isidhaniwe ni maambukizi tu. Iko ndani ya kava la simu. Hospitali zetu za visiwani wahudumu wanajitahidi, ila wengi hawajaiona dawa hii, na usiku wa dharura si wakati wa kuanza kueleza.

Kaka wa Tana:

Nimesoma uzi huu tangu juu. Ndugu yangu alidungwa dawa hii hii kwa kansa ya mapafu. Tuliuza ng'ombe. Baada ya dozi chache skani ikaonyesha imezidi, akafariki kabla ya Idi. Sikulaumu kwa furaha yako dada, lakini kila nikisoma habari kama hizi moyo unanifunga. Kwa nini wewe ndiyo na yeye hapana?

Mwalimu wa Langoni:

Kaka yangu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimekaa na ujumbe wako tangu magharibi.

Sina jibu la kwa nini yeye. Ninalojua ni kwamba hata kwa watu wenye alama kama yangu, dawa haimshiki kila mtu. Kuna utafiti wa wagonjwa 307 wa kansa ya utumbo iliyosambaa, wote wana alama hii, matokeo yake yalitoka 2020. Nusu wakapewa dawa hii na nusu kemo. Kwa waliopewa dawa, muda wa kati kabla ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 16.5, na kwa wa kemo miezi 8.2. Lakini ndani ya waliopewa dawa, karibu 3 katika kila 10 ugonjwa haukujali kitu, uliendelea kukua tangu mwanzo. Daktari alinisomea hayo kabla sijadungwa hata tone. Nilijua naweza kuwa miongoni mwa hao watatu.

Kwa hiyo nduguyo hakukosa imani wala nyinyi hamkukosa juhudi. Mliuza ng'ombe kwa ajili ya roho ya mtu, na hilo halikupotea mbele ya Mungu. Habari yangu nimeileta na namba zake zote ili asitokee mtu akamwambia mgonjwa mwingine kwamba dawa hii ni lazima iponye.

Mkoi wa Mkomani:

Da Mwalimu, ni mimi mtoto wa shangazi yako. Waeleze na ile habari ya kwetu, usiiache, watu wengi Amu inawagusa.

Mwalimu wa Langoni:

Umefanya vyema, na umenipa ruhusa.

Baba yangu alifariki kwa tumbo kabla hajatimiza miaka hamsini. Shangazi yangu, mama wa huyu mkoi wangu, alifariki kwa kansa ya nyumba ya uzazi. Babu tunasikia naye alikuwa tumbo. Mtaani ilisemwa nyumba yetu ina jicho, na kuna waliokuja kufukiza. Majibu ya MSH2 yalipotoka, daktari aliniketisha akachukua karatasi akaanza kuchora: nani alizaliwa na nani, nani alikufa na nini, akiwa na umri gani. Tulipomaliza karatasi ilikuwa imejaa misalaba ya wino. Akaniambia kuna hali ya kurithi iitwayo Lynch, na moja ya alama zake ni hiyo hiyo: utumbo kwa huyu, nyumba ya uzazi kwa yule, katika umri mdogo. Kipimo cha damu kikathibitisha.

Mzazi mwenye hali hii, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, awe wa kiume au wa kike. Aliyeirithi si lazima augue, ila anatakiwa kuangaliwa utumbo kwa kamera kuanzia umri wa miaka 20 hadi 25, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kwa sababu vinyama vinavyokuja kuwa kansa huweza kuondolewa kwa kamera ile ile kabla havijaharibika.

Kaka yangu mdogo alikuwa mzima kabisa, anavua, hana hata kiungulia. Ilichukua maneno mengi kumshawishi, maana kamera inayopita huko kwa mwanaume wa kwetu ni mtihani. Mama ndiye aliyemaliza, alimwambia tu, "Nimemzika baba yako, sitaki kukuzika wewe." Akaenda Mombasa. Wakamkuta na vinyama viwili, wakavitoa saa ile ile, akarudi nyumbani akala. Kwangu mimi habari hii ni kubwa kuliko ya skani yangu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19. Tunajiandaa.

Kwa hiyo nanyi mlio na nyumba "yenye jicho", chukueni karatasi mchore. Mpelekee daktari.

Bint Faza:

Swali la mwisho mwalimu, Ramadhani unafunga? Mama yangu ana kansa ya titi na anang'ang'ania.

Mwalimu wa Langoni:

Mwaka huu sikufunga, nililisha maskini. Niliuliza daktari na shekhe wangu wote wawili, kila mmoja kwa elimu yake, wakakubaliana. Iliniuma, hasa saa ya futari nyumba nzima ikisubiri adhana na mimi nimekula mchana. Ila aya iko wazi kwa mgonjwa. Mama yako mpelekeni kwa shekhe anayemheshimu akamsikie kwa masikio yake, kwa sababu kutoka kwa mtoto ni vigumu kukubali. Na kama yuko kwenye vidonge, muulizeni daktari habari ya saa kabla mwezi haujaandama.

Baharia wa Malindi:

Dada, nimerudi. Nilikwenda na karatasi kama ulivyosema. Daktari akasema PD-L1 haijapimwa na akaandika barua. Maabara wamekitafuta kipande, kipo. Jumatatu kinakwenda Nairobi. Mke wangu amesoma uzi wote jana usiku, amekusalimu.

Mwalimu wa Langoni:

Alhamdulillahi! Nami namsalimu sana.

Kabla kipande hakijaondoka hakikisha nambari iliyo ubavuni mwake ndiyo iliyoandikwa kwenye barua, tarakimu kwa tarakimu, na nakala ya ripoti ya biopsi iwe ndani ya bahasha hiyo hiyo. Piga picha vyote vikae kwenye simu yako. Uliza majibu yatatumwa kwa nani, na uchukue nambari ya simu ya mtu, usikubali kuambiwa "tutawapigia" tu. Wakati mnasubiri, kemo iendelee kwa tarehe zake. Majibu yakitoka yaandike hapa, yoyote yatakayokuwa.